Pipa Likinuka, Nani Analipa?

Maneno ya kamati ya wamama mbele ya mkutano wa wanachama, Lubumbashi. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa wandugu wanaotusaidia toka mbali.



Leo tunataka kusema juu ya kitu ambacho kila mtu hapa anakijua kwa pua yake, lakini katika mikutano tunakipita kando kama mtu anayepita kando ya mbwa aliyelala. Ni harufu ya pipa la lutuku. Mkifika katika pasele fulani, Katuba ao Kenya ao huko Ruashi, hata mlango haujafunguliwa, pua imekwisha kuwaambia: hapa kuna pipa. Na mara nyingi pua inasema neno lingine tena: pipa hili haliko vizuri.

Kwanza tuwaambie wafadhili wetu ukweli, maana wanasoma karatasi hii. Lutuku sheria haiikubali, na hilo si la leo. Tangu wakati wa Wabelgiji kutengeneza pombe kali nyumbani kulikatazwa, na mapatano ya Saint-Germain-en-Laye ya 1919 yalifunga njia ya vyombo vya kuchemshia pombe katika sehemu kubwa ya Afrika. Lakini lutuku haikuisha. Chama hiki hakifundishi mtu kuitengeneza, na feza mnazotuma haziingii katika pipa hata siku moja. Tunasema juu yake kwa sababu wengi kati yetu wanaishi nayo. Tulipotoka Zambia, tulipoacha Kala na Mwange na safari za kurudi zilizoanza 2007, hatukukuta shamba wala kazi inatungojea. Wengine walikwenda Pweto na Moba, wengine tukafika hapa mjini. Kule kambini tulikuwa tumeona kachasu inavyopikwa, na huku tukakuta lutuku, ndugu yake. Mtu aliye na mahindi, mihogo, pipa na makala hakosi kazi. Ndivyo masomo ya watoto wengi yalivyolipwa, na tukikana hapa mbele yenu tutakuwa tunadanganya.

Basi tuingie katika pipa lenyewe.

Mnajua kazi ilivyo. Mahindi yanalowekwa mpaka yatoe miche, yanaanikwa, yanasagwa; ndicho kimea. Mihogo inalowekwa, inakaushwa, inakuwa unga. Uji unapikwa, unapoa, kimea kinatiwa, na pipa linaachwa lichachuke. Ndani yake kuna hamira, wadudu wadogo sana ambao jicho halioni. Wanakula sukari na wanatoa vitu viwili: pombe na hewa. Lakini hawako peke yao. Wadudu wengine nao wanataka uji ule ule, na kila kabila la wadudu lina harufu yake. Kwa hiyo harufu ya pipa ni habari: inatuambia nani anakula ndani.

Hili si maneno ya wamama wa Katanga tu. Mwaka 1856, katika mji wa Lille huko Ufaransa, mwenye kiwanda cha pombe ya viazi-sukari, jina lake Bigo, alikuwa anapata hasara. Mapipa mengine yalitoa pombe nzuri, mengine yalichacha vibaya. Akamwendea mwalimu mmoja wa kemia, Louis Pasteur. Pasteur akachukua maji ya mapipa yote mawili akayatazama kwa darubini. Katika pipa zuri aliona vidonge vya mviringo. Katika pipa baya aliona vidogo vingine, virefu kama vijiti. Hapo akaanza kuelewa kwamba pipa baya halina laana wala uchawi. Limeingiliwa tu na wadudu wengine. Sisi hatuna darubini. Tuna pua. Lakini pua inapaswa kufundishwa.

Harufu ya kwanza ni ile nzuri: mkate, uji mchachu, kidogo kama munkoyo wa siku mbili. Uchachu ule si ubaya. Tunaukuta katika munkoyo wenyewe, ambao tunawapa hata watoto ukiwa mchanga. Ukinusa hivyo, acha pipa lifanye kazi.

Ya pili ni mayai yaliyooza. Hii ndiyo inaleta majirani. Inatokea hamira ikiwa na njaa. Mtu atauliza: njaa ya nini, na sukari iko mingi? Ndiyo, sukari ni nguvu, lakini hamira ni kama mtoto: ukimpa sukari tupu kila siku hatakua. Kimea kina vyakula vingine ndani yake. Sukari ya dukani haina. Mtu anayepunguza kimea ili aongeze sukari, kwa sababu mahindi yamepanda bei, ndiye anayepata mayai. Joto likizidi pia hamira inasumbuka. Mwezi wa tisa na wa kumi hapa Lubumbashi jua linapiga mabati, na pipa lililo chini ya bati linaungua. Dawa yake ni kivuli, ni kurudisha kimea cha kutosha tangu mwanzo, na kukoroga siku za kwanza ili hewa mbaya itoke. Wengine hutia mbolea ya shamba ili hamira "ipate nguvu". Wandugu, hapana. Mbolea ile haikutengenezwa iingie katika tumbo la mtu.

Na hapa mji wetu una bahati yake. Shaba ambayo tunaichimba toka ardhi hii inakamata harufu ya mayai. Mvuke ukipita katika bomba la shaba safi, ule uchafu unashika shaba na kuifanya nyeusi, na pombe inatoka bila harufu ile. Ndiyo maana wakubwa wa pombe kali huko ng'ambo wanatumia vyungu vya shaba. Lakini shaba inataka kuoshwa. Bomba lenye kutu ya kijani ni sumu. Na kiunganishio cha risasi, ao kipande cha radiyatere ya motokari kilichogeuzwa kuwa bomba, kinatia risasi ndani ya chupa, na risasi haina harufu wala ladha. Hiyo tutairudia.

Ya tatu ni siki. Siki inaingia pamoja na hewa, pipa likiachwa wazi wakati mapovu yamekwisha kutulia. Pombe inageuka siki, ni hasara tu. Funika pipa kwa kitambaa safi na kifuniko kilicholala bila kukazwa. Ukikaza, hewa ya ndani itapasua. Na uji ukimaliza kuchachuka, usiungoje wiki nzima kwa sababu makala haijapatikana. Tafuta makala kwanza, halafu anza pipa.

Ya nne ni verni, ile dada zetu wanapaka kwenye makucha. Hii ni rafiki ya siki, zinatembea pamoja. Wakati wa kuchemsha inatoka mbele, katika kikombe cha kwanza. Wenye kujua kazi hawanywi wala hawauzi kikombe kile. Wengine wanakichanganya ndani "ili isipotee". Kesho yake mnunuzi anaamka na kichwa kinapasuka, na anasema lutuku ya mama fulani ni mbaya. Franka za kikombe kimoja zimefukuza mteja wa mwaka mzima.

Ya tano ndiyo mbaya: matapishi, ao siagi iliyooza. Hii inatoka kwa wadudu wa udongo na maji machafu. Maji ya kisima kilicho karibu na choo, bidoni ambayo haikuoshwa, mihogo iliyotolewa katika maji na kutupwa moja kwa moja kwenye pipa bila kukaushwa. Kuna watu wataturudishia: "Lakini mihogo iliyolowekwa inanuka hivyo siku zote!" Ni kweli, na hapo ndipo pua yetu inadanganyika. Mihogo ikiwa majini inanuka. Ikioshwa na kukauka vizuri juani, harufu ile inapungua sana. Mihogo michungu isipolowekwa siku za kutosha inabaki na sumu yake. Wote tumesikia juu ya konzo huko Kahemba, watu waliopooza miguu kwa kula mihogo iliyotayarishwa haraka wakati wa njaa. Kwa hiyo hakuna kufupisha njia ya mihogo, ikiwa ni kwa bukari ao kwa pipa.

Mtu mmoja aliyesoma alituambia kwamba huko Jamaica watengenezaji wa rumu wanaacha kwa makusudi mashimo ya mabaki yanayonuka vibaya sana, na harufu ile ikikutana na pombe inageuka kuwa ya nanasi. Ni kweli, wanafanya hivyo. Lakini wana maabara, wana vipimo, wana watu waliokaa katika kazi ile miaka mingi, na wanajua ni wadudu gani wanafuga. Sisi tukiona pipa limenuka matapishi, hatujui limeingia nini kutoka kwenye choo cha jirani. Pipa la namna hiyo linamwagwa. Hakuna tangawizi, hakuna majani ya ndimu, hakuna sukari ya kuunguza inayofanya pipa lile kuwa zuri. Ukifunika harufu, umefunga mdomo wa yule aliyekuja kukuonya.

Kuna neno juu ya wale wanaoficha pipa ndani ya chumba cha kulala. Tunaelewa sababu: kuogopa polisi, kuogopa majirani. Lakini sikieni hesabu hii. Kilo 1 ya sukari ikichachuka inatoa zaidi ya lita 200 za hewa ile isiyofaa kuvutwa. Hewa hiyo ni nzito, inalala chini, mahali watoto wanalala kwenye mkeka. Nayo yenyewe hainuki sana. Harufu inayotoka nayo ndiyo inakuambia iko. Mtu akiziba harufu kwa kuziba madirisha, amefungia watoto wake pamoja na hewa. Na kama baridi ya mwezi wa saba imemfanya aingize jiko la makala humo ili pipa lipate joto, ni hatari juu ya hatari. Pipa likae nje, chini ya paa, penye upepo. Hakuna mapatano katika hilo.

Sasa turudi kwa vitu visivyo na harufu, maana tusije tukadhani pua inatosha. Risasi tumeisema. Ya pili ni methanoli, pombe ya viwandani. Mahindi na mihogo havitoi methanoli ya kuua. Inayoua ni ile iliyoongezwa na mtu anayetaka nguvu ya haraka, ao iliyobaki katika pipa la kiwanda lililonunuliwa bila kujua lilibeba nini. Inanuka kama pombe tu. Nairobi, mwezi wa kumi na moja 2000, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe ya namna hiyo. Anayeinywa hasikii kitu mara moja. Baada ya saa nyingi, hata siku nzima, anaanza kutapika, kichwa kinauma, macho yanaona kama ukungu. Mtu akisema macho yake yanaona ukungu baada ya kunywa, asilazwe nyumbani "mpaka pombe imtoke". Hospitali, saa ile ile. Na pipa mnunue la chakula: mafuta ya kula, ao asali. Lililobeba dawa za mgodi ao asidi, hata mkiliosha mara kumi, liacheni.

Hayo yote tulikuwa tunayajua, zaidi ao chini. Basi juu ya nini tunayasema leo?

Ni kwa sababu ya jambo lililotokea kwetu, katika chama hiki, wakati wa baridi. Hatutataja jina, mwenyewe yuko hapa na ametukubalia tuseme.

Mama huyu alikuwa na pipa, na pipa likawa linanuka. Yeye mwenyewe hakusikia. Hilo nalo tujifunze: pua inayokaa na harufu mchana na usiku inalala. Ni jirani aliyesema, "Mama, pipa yako iko inanuka mubaya." Tukaitwa wamama watatu wa kamati, tukanusa, na wote watatu tukasema neno moja: matapishi. Tukamwambia, mwaga.

Akatuuliza: "Nikimwaga, nani atalipa masomo ya mutoto?"

Hatukuwa na jibu. Tulisema yale watu husema: Mungu atafungua njia, afya ya watu ni kitu kikubwa, tutaona. Akamwaga. Tulimsaidia kulivingirisha pipa mpaka kwenye mtaro, na tulirudi nyumbani tukijisikia wazuri. Tulikuwa tumelinda watu wa avenyu nzima.

Juma lililofuata mtoto wake alirudishwa nyumbani kutoka shule, na alikaa huko majuma matatu. Deni la mahindi lilibaki juu ya mama. Zamu yake ya likelemba ilikuwa bado mbali. Na mama mwingine wa chama, baada ya kuona hayo, alipopata pipa lenye harufu hakutuita. Alitia tangawizi. Tulijua baadaye, lutuku ile ilikuwa imekwisha kuuzwa. Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu. Lakini watu walishikwa na tumbo, na sisi hatukuwa na uso wa kumkemea mama yule, maana alikuwa amejifunza kutoka kwetu. Tulimfundisha kwamba anayesema ukweli juu ya pipa lake anabaki peke yake na hasara.

Wandugu, hapo ndipo tuliona. Tumekaa miaka tukifundisha pua, lakini pua haimwagi pipa. Mkono ndio unamwaga, na mkono wa mtu mwenye deni ni mzito. Pipa baya likimwagwa, faida ni ya wote: mnunuzi, jirani, jina la chama. Hasara inabaki kwa mama mmoja. Hiyo si haki, na tena si akili, kwa sababu inatufanya sisi sote tunywe tangawizi iliyofunika uoza.

Kwa hiyo kamati inaleta mbele yenu mambo matatu.

Kwanza, pua mbili. Kila mwenye pipa amwite mwanachama mmoja ambaye hakai katika pasele yake aje anuse kabla ya kuchemsha. Si polisi, ni jirani. Anayeitwa asikatae, na asitangaze sokoni aliyoyakuta.

Pili, mfuko wa pipa lililomwagwa. Kila mwanachama atoe franka 500 kila mkutano, kando ya likelemba. Pua mbili zikisema mwaga, na mwenye pipa akamwaga mbele ya mashahidi, mfuko unamrudishia nusu ya bei ya mahindi na mihogo. Nusu, si yote, ili kila mtu aendelee kuosha bidoni yake. Mfuko huu ni wa feza zetu wenyewe peke yake. Sekreteri ataandika daftari mbali, na wafadhili wakitaka kuliangalia, mlango uko wazi.

Tatu, njia ya kutoka. Wengi hapa wamesema wakipata kazi nyingine wataacha pipa kesho. Munkoyo sheria haiugombezi, hauhitaji bomba wala makala ya usiku kucha, na mizizi yake tunaijua tangu kwa wazee wetu. Kuuza unga wa mihogo iliyokaushwa vizuri nako ni kazi. Hapa ndipo tunaomba mkono wa wafadhili: turubai za kuanikia, mashine ndogo ya kusaga, maji safi karibu. Vitu hivyo vitasaidia hata yule asiyewahi kugusa lutuku.

Wababa wengine wamesema chinichini kwamba mfuko huu ni kuwalipa watu kwa kufanya vibaya. Tunawajibu kwa heshima: aliyefanya vibaya ni yule anayeuza. Anayemwaga amefanya vizuri, na mpaka leo ni yeye tu tunayemwadhibu.

Mama yule wa wakati wa baridi, mtoto wake amerudi shuleni. Alilipa mwenyewe, kwa kufua nguo za watu. Tunaomba mkutano ukubali kwamba mfuko uanze kwa kumrudishia nusu yake, hata kama pipa lilimwagwa kabla ya mfuko kuzaliwa. Alituuliza swali, na kamati ilimjibu kwa maneno matupu. Tunataka safari hii chama kimjibu.

Anayekubali anyooshe mkono. Na anayekataa aseme pia, tumsikie.